Mkebe wa Ramazani na Samaki wa Bibi Sakina

Juzi kijana mmoja alisimamisha pikipiki mbele ya mlango wangu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, akafungua mfuko na kunionyesha mkebe mkubwa wenye picha ya mzee wa Kizungu anayekimbia huku anacheka.

“Mama Riziki,” akasema, “hii njo dawa ya bazee. Iko na asidi amino, iko na antioksidanti, iko na kila kintu. Muntu ya miaka makumi munane anarudia kijana.”

Nikamuuliza asidi amino ni nini. Akasema ni vitamini ya misuli. Nikamuuliza antioksidanti ni nini. Akafikiri kidogo, akasema ni sabuni ya damu. Nikamvutia kiti akae, kwa sababu mtu anayezunguka juani na sabuni ya damu lazima amechoka.

Simlaumu. Anauza alichopewa auze, na jioni nyumbani kwake kuna vinywa vinavyomngoja. Lakini nyinyi mnaoanza kazi ya uuguzi na lishe huku Fizi mtaulizwa habari za mikebe hii kila siku ya soko, na sitaki mjibu kama yeye. Mimi nimefanya kazi ya lishe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwanza Nundu, kisha Baraka, mpaka waliponiambia asante na kunipa kitenge na saa ya ukutani. Saa imesimama. Mimi bado natembea, na mdomo wangu bado unafanya kazi, kwa hiyo kaeni tuzungumze.

Tuanze na mambo ya darasani, upesi, kabla hamjasinzia. Protini mnayoila kwenye samaki, maharage, karanga, maziwa na mayai, tumbo linaivunja vipande vidogo sana. Vipande hivyo ndivyo asidi amino. Mwili unavichukua na kujengea misuli, ngozi, damu na kinga. Vingine mwili unajitengenezea, vingine lazima vitoke sahanini. Sasa sikieni jambo ambalo watu wetu hawapendi kulisikia: misuli ya mzee ni mikaidi. Kipande cha samaki kinachomtosha kijana hakimtoshi mzee, yeye anahitaji kikubwa zaidi ili apate faida ileile. Na sisi tunafanya nini? Tunampa mzee kidogo, tunasema halimi, havui, ale cha nini.

Antioksidanti nazo ni hivi. Mwili ukiwa unafanya kazi unatoa taka fulani zinazokula chembe zake polepole, kama hewa ya ziwa inavyokula mabati yetu. Vyakula vyenye rangi vina vitu vya kupunguza ulaji huo: mawese mekundu, lengalenga ambayo wengine huita mchicha, sombe ya majani ya muhogo, mapapai, mapera, nyanya. Na mwili wenyewe unatengeneza kinga yake ya namna hiyo, tena unaitengeneza kwa hizohizo asidi amino. Ndiyo maana nasema yule kijana wa pikipiki hakudanganya yote. Wako wataalamu wanaopima kama unga wa asidi amino unaongeza kinga hiyo katika damu ya mzee. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema tungojee kwanza. Mimi sina maabara, siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba unga wowote, uwe wa kweli au wa uongo, lazima kwanza ufike kinywani mwa mzee mwenyewe. Mnacheka. Ngojeni.

Rangi ya mawese ilinigombanisha na mama mmoja wa Nundu, mpishi wa harusi, mwanamke mwenye sifa ya usafi toka huko mpaka Baraka. Alikuwa anachemsha mawese mpaka yanageuka meupe, moshi unajaa mtaa mzima, majirani wanakohoa. Nikamwambia, “Mama, ule wekundu njo dawa. Unauchoma juu ya nini?” Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. “Mafuta mekundu ni ya ku shamba,” akasema. “Bageni banakuja na nguo nyeupe. Niwatie madoa juu ya dawa yako?” Nilikuwa na jibu la kitabuni, lakini kitabu hakifui nguo. Tukakubaliana: siku za harusi ayachome, siku za nyumbani ayaache mekundu. Katika kazi hii ukipewa nusu, pokea nusu, kesho urudi kuomba iliyobaki.

Aliyenifundisha hilo ni Bibi Sakina, mkunga. Nilipofika Nundu nimetoka shuleni, na viatu vyeupe na kalamu tatu mfukoni, yeye alikuwa amekwisha kuzalisha nusu ya watoto wa pale. Alinitazama nikiandika, akaninyang’anya kalamu. “Mutoto, shika kwanza mukono ya muntu,” akasema. “Karatasi itakuambia jina yake. Mukono itakuambia kama anakulaka.” Na kweli, alikuwa anaushika mkono wa mama mjamzito hapa juu, karibu na bega, anauminya kidogo, kisha anamwambia chakula cha jana yake bila kuuliza. Alikuwa na sheria moja katika wodi ya uzazi: mama hatoki kitandani kurudi nyumbani kabla hajala samaki mbele yake. Bibi Sakina alikuwa anakaa pale pembeni na kanga yake ya kujifunga kichwani, macho kwenye sahani, mpaka miiba ibaki peke yake. Wamama walikuwa wanamwogopa kuliko uchungu wenyewe.

Siku hizo kipimo cha mkono kilikuwa cha watoto tu. Nyakati za vita, watu walipokimbia na kurudi, tulikuwa tunapanga watoto mstari, tunawazungushia ule ukanda wenye rangi, anayeangukia kwenye nyekundu anaingia katika programu, anapewa karanga za kusagwa za pakiti. Bibi wa yule mtoto anasimama nyuma ya mstari, kabakia mifupa na kitenge, hakuna ukanda wake, hakuna pakiti yake, hakuna safu yake katika ripoti. Wakubwa wetu walikuwa wanasema wazee watakuja baadaye. Baadaye wazee walikuwa wamekufa. Mpaka leo nikilikumbuka nakasirika, na sitaki mnitulize.

Sasa nifike kwa yale niliyotaka kusema.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, Zaina alinijia kituoni. Zaina ni mke wa mwana mdogo wa Bibi Sakina, mume wake anavua, na wote pamoja na watoto wao wanakaa na Bibi katika nyumba yake huku Baraka, alikohamia na kuendelea kuzalisha miaka mingi. Akaniambia Bibi hawezi tena kuinuka kwenye mkeka bila kuvutwa. Anasali amekaa. Na mwana mkubwa, Ramazani, mfanyabiashara wa Uvira mwenye boti, amesema basi, atakuja kumchukua akae kwake Uvira. Boti iko hapa Baraka kwa fundi, kuna chuma cha injini kinachongojwa. Kikifika, wanaondoka.

“Na yeye mwenyewe anasema nini?” nikamuuliza.

“Analia, Mama Riziki. Analia lakini hasemi.”

Nilikwenda siku hiyohiyo. Bibi Sakina alikuwa ukumbini kwenye mkeka, kanga ileile ya kichwani, macho yaleyale. Nikakaa chini, nikamshika mkono hapa juu karibu na bega. Akacheka.

“Ulijifunza kweli,” akasema. “Sasa mukono inasema nini?”

“Inasema haukulake.”

“Muongo. Samaki iko hapa kila siku. Na Ramazani aliniletea unga ya mukebe, ya wazungu.”

Kisha akashusha sauti, akaniambia lile ambalo alikuwa hamwambii Zaina. “Riziki, Uvira miye sina muntu. Mutoto yangu atanitia mu chumba muzuri, atafunga mulango, ataenda ku kazi. Hapa, bantu wote banaopita mu njia, miye njo nilibapokea. Kule nitazikwa na bantu sibajui.”

Nimezika baba, nimezika mume, na bado maneno yale yalinikata. Nikamwambia hatakwenda. Nilikuwa sijui kwa namna gani, lakini nilimwambia. Halafu nikaomba kile chuma cha injini kichelewe, na Mungu anisamehe kwa ajili ya fundi.

Adhuhuri hiyo nilibaki makusudi nione chakula. Zaina alileta sinia, bugali wa muhogo na mikebuka katika mchuzi wa mawese mekundu, chakula kizuri kabisa, samaki wa ziwa letu, rangi yote ipo. Watoto wakazunguka. Sasa, katika nyumba ile anayegawa samaki ni mkubwa, na anayegawa anachukua mwisho. Bibi Sakina akagawa. Kipande kwa huyu, kipande kwa yule, kichwa kwa Zaina, na mimi sikutengwa. Wote walipopata, bakulini kulibaki mchuzi. Akaumimina juu ya bugali wake, akaanza kula kama mtu aliyeshiba mapema.

“Na yako?” nikauliza.

“Nguvu ya samaki iko mu supu.”

“Bibi! Weye njo ulikuwa unabakatalia bamama kutoka mu maternité kama hawakula samaki. Haukubaambia supu.”

“Bale balikuwa bazazi. Miye niko na mimba?”

Watoto wakacheka mpaka bugali ukawapalia. Nikacheka na mimi, lakini nilikuwa nimeona. Nikauliza habari za mkebe. Zaina akaenda kuuleta, unga ulikuwa umekwisha, mkebe umeoshwa na kutiwa chumvi. Yule mjukuu mdogo, Mwavita, akaniambia bila kuulizwa kwamba unga ule ni mtamu, una ladha ya biskuti, na Bibi anawalambisha kila asubuhi kijiko kwa kijiko wakiamka vizuri. Mikebe yote ambayo Ramazani aliituma kutoka Uvira, na moyo safi, ilikuwa imejenga misuli ya wale watoto. Kweli walikuwa watoto wenye nguvu, nilikuwa nimewaona wakipanda ukuta.

Ramazani alikuwa anaona mikebe inaisha na mama anakonda, akaamini kwamba hata dawa ya wazungu imeshindwa, basi mama yake amefika mwisho. Si mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu nyinyi vijana mkisikia habari ya mwana na mama mnatafuta upesi nani mwovu. Pale hapakuwa na mwovu. Palikuwa na mwanamke mwenye heshima yake, na heshima hiyo inasema mtu mzima hali samaki huku mtoto anaangalia mkono wake.

Na alijua yote ninayoyajua. Shikeni hilo vizuri. Mtu ambaye hajui unamfundisha, lakini mtu anayejua na hafanyi, ukimfundisha unampigia kelele tu. Mimi nilimpigia kelele siku kadhaa. Nilimweleza misuli, nilimweleza kinga, nilimchorea hata picha. Alinisikiliza kwa adabu na kusahihisha picha yangu.

Nikamwambia Zaina amtengee sahani yake chumbani. Bibi akaiona sahani, akaita watoto kupitia dirishani, akagawa. Nikamwambia Zaina atwange ndakala kavu, wale dagaa wa ziwa, auchanganye unga wake katika bugali wa Bibi. Hii ni njia nzuri, itumieni kwa wazee wasio na meno, lakini muwaambie. Sisi hatukumwambia. Bibi Sakina akanusa tonge la kwanza, akaliweka chini. “Munanilisha kwa siri kama kifaranga?” akasema, na siku hiyo hakula kitu kabisa. Zaina alilia. Mimi nilirudi nyumbani nikapiga teke ndoo iliyokuwa njiani.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa Bibokoboko, mchungaji wa ng’ombe, enzi zile njia ya mlimani ilipokuwa inapitika na akina yeye wanashuka na maziwa mpaka soko letu. Alikuwa mzee sana, mwembamba, lakini anashuka na kupanda kwa miguu yake. Siku moja nilimuuliza siri. Akasema kila asubuhi anakunywa maziwa yaliyoganda kabla wengine hawajanywa. “Kwetu mukubwa njo anafungua,” akaniambia. Nilikuwa nimechukua maneno yale kama porojo za soko. Lakini usiku ule wa hasira zangu niliuliza moyoni: kwetu huku ziwani, mkubwa anafungua chakula wakati gani?

Jibu lilikuwa jepesi, kila mmoja wenu analijua. Mkubwa anaonja kwanza akiwa na mgeni. Kwetu watu wanaogopana sumu, tusifichane. Mgeni hali mpaka mwenye nyumba ametia mkono, ametafuna, amemeza, mgeni ameona. Na mgeni hasa akiwepo, si mtu wa kazi kama mimi, watoto wanakaa nje na sahani yao, hawasogelei ya wakubwa. Mila mbili katika mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimepita hapo kila siku na picha zangu za misuli.

Kesho yake nilivaa kitenge changu cha kanisani. Sikuja na kipimo wala mfuko wa kazi. Nikasimama mlangoni, nikapiga hodi kwa sauti ya mgeni hasa, majirani wasikie. “Zaina,” nikasema, “leo nimekuja kutembea. Si kazi.” Wakatandika, wakaleta sahani ya wakubwa, watoto wakatolewa nje. Nikanawa, nikaweka mikono mapajani.

“Kula basi,” akasema Bibi Sakina.

“Onja kwanza, Bibi.”

Mnajua neno lile lina uzito gani. Macho yake yakawa madogo.

“Unaniogopa? Miye? Miye nilizalisha batoto yako yote?”

“Nakuogopa sana. Onja.”

“Riziki, nitakufukuza.”

“Fukuza. Nitasema mu njia yote kama kwa Bibi Sakina walinipa samaki na mwenye nyumba alikataa kuonja.”

Zaina alikuwa amejibana nyuma ya pazia, nilisikia pumzi yake. Bibi Sakina akachukua kipande cha mkebuka, akakitia kinywani, akatafuna huku ananitazama kama anatafuna mimi. Akameza. Nikala kipande. Nikaweka tena mikono mapajani. Akatazama mikono yangu, akatazama samaki, na ghafla akaelewa yote, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Mushenzi weye,” akasema. “Nilikufundisha vibaya.” Na akachukua kipande cha pili.

Tangu hapo nikawa mgeni wa kila adhuhuri. Samaki kwangu, samaki kwake. Siku nyingine maharage na lengalenga, siku nyingine mayai, na papai baada ya chakula. Daktari wa hospitali, kijana mwenye akili na subira, alimpima figo kwanza, maana mzee mwenye figo mbovu huwezi kumshindilia protini hivi hivi, iwe ya samaki au ya mkebe. Msisahau hatua hiyo. Figo zilikuwa nzima. Akaniambia niendelee na ugeni wangu.

Samaki peke yake hamsimamishi mtu. Misuli inajengwa ikiombwa kazi. Kwa hiyo kabla ya kunawa, nilikuwa namkalisha kwenye kigoda cha jikoni, ainuke, akae, ainuke tena, mara anazoweza. Mwanzoni nilimshika mikono yote miwili, baadaye mmoja, baadaye kidole. Alilalamika kila siku. “Maisha yote nimesali, nimeinama nimeinuka, leo mukristu anakuja kunifundisha kuinama.” Nikamwambia basi asali amesimama nione. Akainuka mara moja zaidi.

Haikuwa njia nyoofu. Alishikwa na malaria katikati, akarudi nyuma, akawa tena mtu wa mkeka, na mimi nikawa tena mtu wa kupiga ndoo. Tukaanza upya. Lakini siku moja nilifika mapema nikamkuta nyuma ya pazia ameanza swala ya adhuhuri. Alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa ukutani, miguu inatetemeka, lakini amesimama. Nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe, nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Katika kazi yangu yote nimepewa shukrani nyingi, hakuna iliyonifikia kama ule mgongo wake ulionyooka.

Wiki hiyohiyo chuma cha injini kikafika.

Ramazani alikuja asubuhi na vijana wawili wenye mabega, na kiti cha mikono cha kumbebea mama. Godoro la Bibi lilikuwa limekwisha kutangulia kwenye boti, na sanduku lake la nguo pia. Nilimsimamisha nje ya mlango. Nikamweleza mkebe ulikokwenda, nikamweleza samaki, nikamweleza swala. Alinisikiliza vizuri, akafuta uso.

“Mama Riziki, nakushukuru,” akasema. “Lakini unasema kama anakula juu ya ugeni yako. Mugeni anarudiaka kwake. Utagonjwa, utasafiri, hautakuja. Siku ile mama atarudia ku supu. Nani atakaa naye?”

Alikuwa amesema kweli, na mimi niliijua kweli ile tangu siku ya kwanza na sikutaka kuitazama. Nilisimama pale na kitenge changu cha kanisani, nikageuka kutazama ndani. Mlango ulikuwa wazi. Bibi Sakina alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka kwetu, amesikia yote.

Zaina alikuwa amepika chakula cha kuagana. Kwa sababu Bibi anaondoka, watoto hawakutolewa nje, walikuja wote, na sinia likawa moja, kubwa, katikati. Ramazani akakaa. Mimi nikakaa. Wote tukamngoja mkubwa agawe.

Bibi Sakina akatazama samaki kwa muda. Halafu akachukua kipande cha kati, kile kinene kuliko vyote, ambacho watoto walikuwa wamekwisha kukipigia macho. Akakiweka mbele yake.

“Bibi,” akasema Mwavita, “ile ya kati ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Hakuna aliyecheka. Alianza kula, na watoto wale wote wakimwangalia mkono, na mimi niliona aibu ikimpanda shingoni mpaka usoni. Akageuza uso kidogo upande wa ukuta, kama anataka kujificha, kisha akaurudisha, akawatazama wajukuu zake, akaendelea kutafuna. Alikula polepole. Alikula yote. Kutoka ziwani watu wa boti walipiga honi, Ramazani hakuinuka. Bibi Sakina akanyonya miiba, akaipanga pembeni ya sinia, ndipo akawagawia wengine, kila mmoja chake.

“Na kesho ntakula tena mbele yenu,” akawaambia watoto. “Mukilia, mulie.”

Akaweka mikono magotini. Nilitaka kumshika, akanikataza kwa macho. Akajaribu, akarudi kwenye kigoda. Akavuta pumzi, akajaribu tena, na mara hii miguu ikamkubalia. Akasimama mbele ya mwana wake, akajifunga kanga vizuri.

“Ramazani,” akasema, “enda uteremushe godoro yangu.”

Ramazani alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Akatoka, tukamfuata mpaka ufukweni, Bibi nyuma yetu na hatua zake fupi, na pale kwenye maji Ramazani akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kulifuata godoro kwenye boti.